Pikipiki inapokwama nyikani, fundi ni msafiri mwenyewe

PIKIPIKI ikizimika mjini, mwenyewe huisukuma hadi kwa fundi wa jua kali aliye karibu na kuketi juu ya kopo la rangi akisubiri. Ikizimika katika Jangwa la Chalbi, baina ya Kalacha na North Horr, hakuna kopo wala fundi. Kuna jua, upepo na maji aliyobeba msafiri asubuhi.

Gari lililoharibika angalau humpa dereva kivuli na mahali pa kulala. Pikipiki haina kivuli, nayo mizigo yake huwa michache. Ndiyo maana anayefunga safari ya mamia ya kilomita peke yake hulazimika kujua mambo ambayo mhudumu wa bodaboda wa mjini anaweza kuyaachia wengine maisha yake yote.

Kenya imo katika njia ambayo wasafiri wa pikipiki wameitumia kwa miongo mingi. Mwandishi Ted Simon, aliyeondoka London mwaka wa 1973 kwa Triumph ya 500cc, alipita humu nchini katika ziara iliyomchukua miaka minne na kumfikisha katika nchi 45. Alikuwa mwanahabari, wala si fundi.

Kabla yake, mnamo Desemba 1934, Theresa Wallach na Florence Blenkiron waliondoka London kuelekea Cape Town kwa pikipiki ya Panther iliyokuwa na kigari cha pembeni na trela. Injini yao iliharibika wakiwa Sahara, ikabidi itengenezwe mjini Agadez, Niger, kabla ya kuendelea na safari. Walifika Cape Town Julai 1935. Lakini hao walikuwa wawili. Anayesafiri peke yake hana wa kumshikia tochi, wala wa kumwambia kwamba anafungua nati isiyohitaji kufunguliwa.

Barabara ya Isiolo hadi Moyale, yenye urefu wa takriban kilomita 500, ilikuwa ikiogopwa na madereva kwa vijituta vyake vilivyopangana kama mabati. Lami ilikamilika katikati ya mwongo wa 2010, na sasa safari hiyo inaweza kumalizwa kwa siku moja. Hata hivyo, msafiri anayeiacha njia hiyo mjini Marsabit na kuelekea Maikona, North Horr na Loiyangalani hukutana na changarawe, mawe ya volkano na mchanga. Mvua ikinyesha, Chalbi hugeuka matope ya chumvi ambayo gurudumu huzama ndani yake hadi katikati.

Kwanza maji, kisha spana

Kosa kubwa la msafiri aliyekwama si kukosa kifaa. Ni haraka. Injini ikizimika, mkono hukimbilia spana kabla kichwa hakijafikiri, na nusu saa baadaye vipande vimetapakaa mchangani huku chanzo cha hitilafu kikiwa bado hakijulikani.

Jambo la kwanza ni kuiondoa pikipiki barabarani. Madereva nchini wana desturi ya kuweka matawi ya miti barabarani, hatua kadhaa kabla ya gari lililokwama, ili kuwaonya wanaokuja. Msafiri wa pikipiki hana budi kufanya vivyo hivyo, hasa jioni, kwani taa ya nyuma ya pikipiki iliyozimika haionekani.

Jambo la pili ni kuhesabu maji na saa zilizosalia kabla ya giza. Hesabu hiyo ndiyo huamua kazi gani ifanywe hapo na ipi iahirishwe. Kuziba pancha saa nane mchana chini ya mgunga ni kazi ya kawaida. Kufungua injini saa kumi na mbili kasoro robo, pakiwa na lita moja ya maji, ni kamari.

Aidha, msafiri anashauriwa kukaa karibu na pikipiki yake badala ya kutembea kutafuta msaada. Pikipiki huonekana kutoka mbali kuliko mtu, na lori likipita litapita barabarani. Kwa sababu hiyo, ni muhimu kabla ya kuondoka asubuhi kumwarifu mtu anakoelekea na saa anayotarajia kufika, awe ni mwenye nyumba ya wageni, muuza petroli au polisi wa kituo cha karibu.

Injini isiyowaka

Injini ya petroli huhitaji vitu vitatu ili iwake: mafuta, hewa na cheche. Kimoja kikikosekana haiwaki, na vyote vikiwepo kwa kipimo na wakati unaofaa, aghalabu huwaka. Uchunguzi wowote unaoanzia kwingine hupoteza wakati.

Lakini hata kabla ya hayo matatu, kuna swichi nyekundu ya kuzimia injini iliyo upande wa kulia wa usukani. Mkono huigusa bila kujua, hasa pikipiki inapoanguka. Si ajabu kusikia kwamba mtu alifungua plagi, akafungua kabureta, akatoa betri, kisha akagundua kwamba swichi ilikuwa imezimwa. Koki ya petroli nayo hufungwa usiku na kusahauliwa asubuhi. Baadhi ya pikipiki haziwaki zikiwa na gia iwapo stendi ya pembeni iko chini, na kidude kinachohisi stendi hiyo hujaa vumbi na matope upesi.

Swichi zikiwa sawa, hufuata mafuta. Tangi likitikiswa hutoa sauti, na kiziba kikifunguliwa huonyesha kilichomo. Hapa kuna hitilafu moja inayowasumbua wengi: pikipiki huenda vizuri kilomita kadhaa, ikazimika, ikakaa dakika 10, ikawaka tena kana kwamba haikuwa na lolote, kisha ikazimika tena mbele. Mara nyingi chanzo ni kijitundu cha hewa kwenye kiziba cha tangi kilichozibwa na vumbi. Petroli ikitoka bila hewa kuingia, tangi huvuta kama mtoto anayenyonya chupa, na mafuta hukoma kushuka. Kiziba kikifunguliwa hutoa mvumo mdogo wa hewa inayoingia. Sindano nyembamba humaliza kazi hiyo, na isipopatikana, msafiri anaweza kuendelea akikilegeza kiziba mara kwa mara.

Petroli inayouzwa kwa chupa na mitungi kando ya barabara ina hatari zake. Inaweza kuwa na maji, mchanga au mafuta ya taa. Tatizo la kuchanganya mafuta lilikuwa kubwa nchini kiasi cha kuifanya serikali, mnamo Septemba 2018, kuanza kutoza Sh18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuondoa faida ya wachanganyaji. Maji ni mazito kuliko petroli, hivyo chupa inayopenyeza mwanga ikiachwa itulie huonyesha mstari na maji chini yake. Kitambaa safi kilichofungwa mdomoni mwa tangi huzuia uchafu. Maji yakishaingia, skrubu ndogo iliyo chini ya bakuli la kabureta hulegezwa na kuachiwa yatoke hadi petroli safi ionekane.

Cheche hupimwa kwa kufungua plagi, kuirejesha ndani ya kofia ya waya wake, kuigusisha na chuma cha injini na kupiga kiki. Kazi hii ifanywe mbali na petroli iliyomwagika, kwani cheche hiyo inaweza kuwasha moto. Plagi nayo hueleza habari za injini. Rangi ya kahawia au kijivu ni afya. Masizi meusi na makavu huashiria mafuta mengi au hewa kidogo, na mara nyingi mkosaji ni chujio la hewa lililojaa vumbi. Plagi nyeupe kama chokaa ni onyo kwamba injini inachemka kupita kiasi au inapata mafuta machache.

Chujio la hewa la sponji huoshwa kwa maji ya sabuni, likakaushwa na kupakwa mafuta kidogo. La karatasi hukung'utwa tu. Kuendesha bila chujio kwa sababu injini inaonekana kupumua vizuri zaidi ni ushauri unaotolewa na mafundi wengine wa barabarani, na ni ushauri mbaya. Mchanga unaoingia husaga silinda, na hilo halirekebishwi kando ya njia.

Pancha

Hakuna hitilafu inayompata msafiri mara nyingi kama pancha. Miiba ya migunga ya kaskazini hutoboa tairi la pikipiki bila shida, na mawe makali ya volkano hukata hata tairi jipya.

Pikipiki nyingi zinazotumiwa nchini zina tyubu. Kuibandua tairi kunahitaji vyuma viwili au vitatu vya kubandulia, pampu, viraka, gundi, kipande cha msasa na spana inayolingana na nati ya ekseli. Hiyo spana husahaulika kwa sababu huwa kubwa kuliko zile zinazouzwa pamoja na pikipiki, na bila hiyo vifaa vingine vyote ni mzigo mtupu.

Anayefanya kazi hii peke yake lazima kwanza ahakikishe pikipiki haitamwangukia. Mizigo hushushwa. Isipokuwa na stendi ya katikati, jiwe bapa au gogo huwekwa chini ya injini, na breki ya mbele hufungwa kwa kipande cha tyubu kuukuu ili pikipiki isibingirike.

Tyubu ikishatolewa, kinachofuata hutofautisha mzoefu na mgeni. Mzoefu hupitisha vidole polepole ndani ya tairi lote akitafuta mwiba. Mgeni huziba tundu, akarudisha tyubu, akajaza upepo, na ule mwiba uliobaki ukaitoboa tena kabla hajapanda.

Mahali pa tundu husuguliwa kwa msasa hadi pawe hafifu, gundi hupakwa kwa upana kuliko kiraka, kisha huachwa dakika kama tano hadi isinate kidoleni. Kiraka kikiwekwa gundi ingali majimaji hubanduka. Tyubu irudishwe ikiwa na upepo kidogo ndani yake ili isikunjike wala kubanwa na chuma. Maji ya sabuni yakipakwa ukingoni, tairi huingia kwenye rimu bila nguvu nyingi. Ikiwa chuma kinakataa kata kata, kawaida upande wa pili wa tairi haujasukumwa katikati ya rimu, penye bonde. Kulazimisha hapo ndiko huzaa tundu la pili.

Tyubu iliyong'oka shina la valvu haizibiki kwa kiraka. Hilo hutokea tairi lenye upepo mchache linapozunguka juu ya rimu na kuivuta tyubu. Kwa hivyo tyubu ya akiba ni lazima, hata kwa mwenye viraka 20. Mwenye pikipiki yenye gurudumu la mbele la inchi 21 na la nyuma la inchi 18 anaweza kubeba ya mbele pekee, kwani wakati wa dharura hukubali kukunjwa na kutumika nyuma. Kinyume chake ni kigumu.

Asiye na chochote huweza kulijaza tairi nyasi, zikashindiliwa kabisa, na kwenda polepole hadi kijiji cha karibu. Ni njia ya mwisho na huharibu tairi, lakini imewahi kuwatoa watu mahali pabaya.

Mnyororo, nyaya na mafuta

Mnyororo huua pikipiki kimyakimya. Ukilegea mno huruka meno ya sproketi, na ukikatika unaweza kujikunja na kuvunja ganda la injini au kulifunga gurudumu la nyuma. Wengi, kwa kuogopa hilo, huukaza kupita kiasi. Kumbe mnyororo uliokazwa sana huvuta beringi ya sanduku la gia kila gurudumu linaporuka, na beringi hiyo haipatikani Loiyangalani.

Pikipiki ndogo nyingi huhitaji mchezo wa kati ya milimita 20 na 30 katikati ya mnyororo, nazo zile ndefu za njia mbovu huhitaji zaidi. Kipimo huchukuliwa pale mnyororo unapokaza zaidi, kwani haulegei sawasawa. Kiungo cha kufungia ni kitu kidogo cha bei nafuu ambacho kila msafiri anapaswa kuwa nacho, viwili au vitatu. Kibanio chake huwekwa upande uliofungika ukielekea mbele, unakokwenda mnyororo, ili kisichomolewe kikikwaruzwa.

Mafuta ya mnyororo hupakwa jioni ungali na joto, ili yapenye usiku. Katika mchanga yapakwe machache na ziada ifutwe, maana mafuta na mchanga pamoja ni msasa.

Waya wa klachi huonya kabla ya kukatika: nyuzi moja moja hujitokeza karibu na wenzo. Wasafiri wa masafa hupitisha waya mpya sambamba na wa zamani kabla ya kuondoka nyumbani, wakauziba ncha zake kwa utepe, ili siku ya kukatika iwe ni kazi ya kuhamisha ncha mbili tu. Ukikatika bila wa akiba, pikipiki ndogo husukumwa ikiwa haina gia, mpanda akarukia na kuingiza gia ya kwanza ikiwa mwendoni. Gia nyingine hubadilishwa kwa kupunguza moto wa injini kidogo. Ni taabu mjini, lakini barabara tupu huvumilika.

Wenzo za klachi na breki huvunjika pikipiki inapoanguka. Skrubu zinazozishikilia zisikazwe hadi mwisho: zikiachwa ziweze kugeuka zinapogongwa, wenzo huzunguka badala ya kuvunjika.

Ama mafuta ya injini, hayo hayana mzaha. Injini ndogo hubeba takriban lita moja tu, hivyo upungufu wa robo lita ni mkubwa. Kipimo huangaliwa kila asubuhi pikipiki ikiwa wima. Injini iliyokaukiwa na mafuta haina dawa ya kando ya njia, na msafiri anayesikia mlio mpya wa chuma ndani ya injini anapaswa kuizima papo hapo, hata kama mji unaonekana mbele.

Ganda la injini likitobolewa na jiwe, gundi ya chuma ya mirija miwili huziba tundu, mradi mahali hapo pamefutwa mafuta kabisa kwanza. Tangi likivuja, kipande cha sabuni ya kufulia kikisuguliwa kwenye ufa hushika kwa muda, kwani petroli haiyeyushi sabuni. Vipande vya tyubu kuukuu, vile vile wanavyofungia mizigo wahudumu wa bodaboda, hufaa kwa karibu kila kitu kilicholegea.

Fundi wa mjini mdogo

Msafiri akifika Laisamis, Maralal au Lodwar hukutana na mafundi wanaofungua na kufunga Boxer na TVS kila siku ya maisha yao. Kwa pikipiki ndogo za namna hiyo, hao ni bora kuliko karakana nyingi za mijini, na vipuri huwa dukani. Kwa pikipiki kubwa ya kisasa yenye vihisio na kompyuta, fundi huyo huyo hana pa kuanzia, na si kosa lake. Hili lifikiriwe kabla ya kununua pikipiki, si baada ya kukwama.

Busara ni kuelewana bei mapema, kubaki karibu na kazi, kutandika kitambaa na kupanga kila kipande kwa mfuatano kilivyotolewa. Fundi mwema hakasirishwi na hilo. Anayetaka kukata waya za umeme ili "ajaribu kitu" azuiwe kwa upole. Na kabla ya kuchomelea keria iliyovunjika kwa umeme, nyaya za betri zifunguliwe, maana mkondo wa mashine ya kuchomelea unaweza kuunguza vidude vya umeme vya pikipiki.

Pale ambapo haiwezekani kuendelea, malori ya mifugo na bidhaa huchukua pikipiki. Nauli iafikiwe kabla ya kupakia, kwa kuwa baada ya hapo mwenye lori ndiye hupanga. Pikipiki ifungwe wima kwa kamba pande zote mbili, petroli ikiwa imefungwa kwenye koki.

Kipuri kisichopatikana huagizwa kutoka Nairobi, ambako Barabara ya Kirinyaga, iliyokuwa ikiitwa Grogan, ina maduka mengi ya vipuri. Kabla ya M-Pesa kuanzishwa mwaka wa 2007, msafiri alilazimika kwenda mwenyewe au kumtuma mtu na pesa taslimu. Sasa hupiga simu, akatuma picha ya kipande kilichovunjika pamoja na nambari zilizochongwa juu yake, akalipa, na kifurushi kikapakiwa kwenye basi. Nambari hizo ziandikwe daftarini kabla ya safari, kwani kipande kikishasagika hazisomeki tena, na basi linalofuata huenda likawa ni la kesho kutwa.